Foleni ya Ukoko

Habari zilinifikia kwa simu, katika lile kundi la wazazi ambalo wanaonisoma kila wiki wanajua ninavyolichukia. Mtu aliandika kwamba yule mama aliyekuwa akipika shuleni amefariki, presha ilimpanda akiwa shambani kwake upande wa Zombe, na mazishi ni Alhamisi. Zikafuata zile picha za mikono iliyokutanishwa, mistari na mistari ya mikono, na kabla sijamaliza kuvuta pumzi mzazi mwingine akauliza kama matokeo ya mtihani wa kufungua muhula yametoka, na nani ameongoza gredi ya sita. Hakuna aliyemkemea. Mwalimu akamjibu kwamba orodha itabandikwa kesho. Basi huyo mama akawa amezikwa hapo hapo kwenye simu, siku tatu kabla ya mazishi yake. Niliilaza simu kifudifudi juu ya cherehani nikakaa tu, na mteja aliyekuwa akisubiri suruali yake akaniuliza kama umeme umepotea.

Sitamtaja jina. Hakuwa ndugu yangu, na kusema kweli hakuwa hata rafiki, maana rafiki hutendewa vizuri kuliko nilivyomtendea. Tulifahamiana kama watu wa soko moja la Migwani wanavyofahamiana. Mimi nashona sare za shule, yeye alipika chakula cha shule. Watoto walimwita Susu, yaani nyanya kwa Kikamba chetu. Mimi nilimwita Mwaitu, kama tunavyomwita mama yeyote wa heshima, naye aliniita Fundi. Niliishia darasa la saba, na aliwahi kuniambia kwamba yeye hakumaliza la nne. Nayasema haya ili msomaji asingoje maneno ya wataalamu wa watoto. Nitaeleza tu kilichotokea, pamoja na upande wangu ambao ningependa kuuficha.

Kwa asiye na mtoto katika shule zetu, acha nieleze foleni yenyewe. Shule ni ya kutwa. Kila mzazi hupeleka mahindi, na maharagwe au ndengu au mbaazi kulingana na alichovuna, na mchana kengele ikipigwa watoto hujipanga mbele ya jiko na sahani zao. Zamani walijipanga kama walivyofika, wakubwa wakisukuma wadogo, jambo baya lakini la kawaida. Kisha serikali ikasema mambo ya namba yaishe, mtoto asiitwe tena wa kwanza wala wa mwisho. Tukaitikia ndiyo. Tukaziondoa namba kwenye ripoti, tukazihamishia kwenye chakula. Wazo lililetwa na mwalimu mmoja kijana mwenye bidii, na sitamlaumu peke yake, kwa sababu alilileta mbele ya mkutano wa wazazi. Kuanzia gredi ya nne kwenda juu, alisema, watoto watapanga foleni kwa kufuata alama za mtihani. Aliyeongoza apakuliwe kwanza, aliyevuta mkia apakuliwe mwisho. "Ni motisha tu, wazazi," alisema. "Mtoto akitaka kula mapema, asome." Tukacheka, tukapiga makofi. Mimi pia nilipiga, tena nadhani nilikuwa miongoni mwa walioanza.

Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza wa mwisho atakula nini. Chakula cha shule ni muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa ganda na kuchemshwa na maharagwe hadi yalainike, na hupikwa kwa kuni katika sufuria inayoweza kumtosha mtu mzima akiketi ndani. Ukifika chini ya sufuria kama hiyo hukuti muthokoi tena, unakuta ukoko, kile kilichogandia na kuungua, ambacho mpishi hukikwangua kwa mwiko huku watoto wakisikia mlio. Kwa hiyo haikupita wiki mbili watoto walikuwa wamewapa wa nyuma jina. Waliwaita Ukoko. Nilikuwa nawasikia jioni wakipita mbele ya duka langu. "Ukoko, harakisha, kesho utapata nyeusi!" "Nyamaza, hata wewe mtihani uliopita ulikuwa Ukoko!" Nilidhani ni mchezo wao mpya. Kuna siku nilicheka na mteja, nikamwambia watoto wa siku hizi wana maneno. Sikujua kwamba mmoja wa walioitwa hivyo alikuwa analala nyumbani kwangu.

Binti yangu alikuwa gredi ya tano mwaka huo. Si mtoto mzembe. Anaelewa polepole, halafu anaelewa kabisa, lakini mtihani haumngoji mtu wa namna hiyo. Alianza kukataa chakula cha jioni akisema, "Nimeshiba, tulikula mingi shuleni." Kila Jumapili usiku tumbo lilimuuma, Jumatatu asubuhi likazidi, Jumamosi likapona lenyewe. Tulimpeleka zahanati tukapewa dawa za minyoo. Mama yake alisema anarefuka. Mimi nilipunguza kiuno cha sketi yake mwezi wa pili, na mwezi wa tatu nikakipunguza tena. Mtu wa kazi nyingine angeweza kujitetea kwamba hakuona. Mimi nilikuwa na tepu mkononi. Niliandika vipimo vyote viwili kwa chaki kwenye ubao wangu, kimoja chini ya kingine, na sikumuuliza mtoto neno.

Aliyeuliza ni mpishi. Alikuja dukani Jumamosi moja, akasimama mlangoni akiwa bado na majivu kwenye viatu, akaiangalia ile sketi iliyokuwa kwenye mashine.

"Fundi, hiyo ni ya nani?"

"Ya msichana wangu. Imemlegea."

"Ni sketi imekuwa kubwa ama ni mtoto amekuwa mdogo?"

"Watoto wakirefuka wanakonda, Mwaitu."

"Asi! Nani alikudanganya hivyo? Wangu sita walirefuka na hakuna alikonda." Akaingia, akaketi kwenye benchi la wateja bila kukaribishwa. "Fundi, wewe unapunguza nguo badala ya kuongeza mtoto. Huyo hali kwangu. Hii ni wiki ya tano. Akifika mbele yangu anafunika sahani na mkono, ananiambia, Susu, nimeshiba. Ameshiba nini na hajakula? Harufu?"

"Labda hapendi muthokoi."

"Anapenda! Ile siku ya mvua, walimu walikuwa wamechelewa kwa mkutano, watoto wakapanga ovyo ovyo vile walitaka. Huyu wako alikuwa wa sita hivi. Alikula sahani mbili na akarudi kuniuliza kama imebaki. Muthokoi ni ile ile, na mimi ni yule yule. Sasa nini ilibadilika?"

Jibu nilikuwa nalo na sikulitaka. Nilimwambia nitaongea na mtoto. Nilivyoongea naye naona aibu kuandika, lakini nimeahidi kuandika yote. Nilimngoja jioni hadi ugali na kunde ulipowekwa mbele yake, nikasema, "Nimesikia hutaki kula kwa sababu uko nyuma kwenye foleni. Basi soma utoke nyuma." Akaisukuma sahani katikati ya meza, polepole, kana kwamba ina kitu kinachoweza kumwagika. Hakulia. Nilidhani nimemaliza kazi ya mzazi. Wiki hiyo hiyo nikampigia dada yangu anayeishi Makindu nikamuuliza kama ana nafasi ya kukaa na mtoto, nimhamishie shule ya huko. Nilijiambia ni kwa faida yake. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimewaza foleni ile ikionwa na wateja wangu, binti wa fundi wa sare akiwa wa mwisho ndani ya sare niliyoshona mwenyewe.

Mpishi alipousikia mpango wa Makindu alicheka hadi akakohoa. "Unampeleka na hilo tumbo lake ama tumbo utaliacha hapa?" Mpango ukafia hapo. Halafu akaniambia jambo ambalo leo naona lilistahili kusemwa katika kila mkutano wa wazazi kuanzia hapa hadi Wote. "Ukitaka kumuuliza mambo ya shule, muulize sahani ikiwa imeisha. Usimuulize kama bado anatafuna. Na usimuulize amekuwa wa ngapi. Muulize nani alimkasirisha leo. Hiyo watoto wanajibu."

Nikiwa hapo, niseme pia kuhusu chai ya mtihani, kwa sababu jambo hili nalo lilimchosha mpishi kuliko kuni mbichi. Kwetu kuna imani kwamba siku ya mtihani mtoto asile chakula kizito. Viazi vitamu, muthokoi, boga, vyote vinawekwa kando, maana akishiba atasinzia. Anapewa chai kavu yenye sukari nyingi na kipande cha mkate mweupe, kichwa kiwe chepesi, na anayejiona ni mzazi wa kisasa zaidi anaongeza pakiti ya krisps mfukoni. Katikati ya asubuhi mtoto anatetemeka juu ya karatasi na sisi tunasema ni woga. Mama yule alimwambia mzazi mmoja mbele yangu, sokoni, "Kwani wewe ukienda kulima unaenda tumbo tupu ndio jembe iwe nyepesi?" Yule mzazi alinuna. Sisi ni watu tunaolima ndengu na mbaazi, tunazifunga kwenye magunia na kuzipeleka kwa watu wa mbali wanaojua faida yake, kisha tunawapa watoto wetu mkate usio na kitu, na siku ile ile tunayotaka wafikiri kuliko siku zote. Sijui kama kuna watu wengine chini ya jua wanaofanya hivyo. Natumaini hawapo.

Mwishoni mwa mwezi wa tatu mpishi alichoka kuongea na sisi. Siku hiyo kengele ilipigwa kama kawaida, foleni ikapangwa kama kawaida, wenye alama mbele na Ukoko nyuma, na mwalimu wa zamu akasimama na orodha yake. Mpishi akamwita msaidizi wake, mama mwenzake, wakashika sufuria kila mtu sikio lake, wakaibeba wakiwapita watoto wote mpaka mwisho wa foleni, wakaitua hapo. Akachukua upawa. "Haya, tunaanza hapa," akasema. Basi. Hakupiga kelele wala kutoa hotuba. Binti yangu, ambaye nilisimuliwa na wenzake kwamba alikuwa wa pili kutoka mwisho, akawa wa pili kupakuliwa. Alikula. Wale wa mbele waligeuka, na foleni nzima ikajikuta inatazama upande mwingine. Mwalimu akasema, "Susu, unafanya nini?" Akamjibu, "Napakua, Mwalimu. Sahani yako iko wapi?" Alifanya hivyo siku nne mfululizo. Siku ya tano aliitwa mbele ya kamati ya shule.

Mimi ni mmoja wa kamati hiyo. Tuko tisa. Nilikuwa nimeketi pale dirishani, na yeye alisimama kwa sababu hakuna aliyemwambia akae. Mwenyekiti alimuuliza kwa upole, maana si mtu mbaya, ni nani aliyempa ruhusa ya kuhamisha sufuria.

"Hakuna mtu alinipa. Nilichoka kuona chakula inarudi."

"Mama, kuna utaratibu. Wazazi walipitisha."

"Mimi sijui utaratibu, mimi najua sufuria. Sufuria inabaki na chakula na watoto wanakonda. Hiyo hesabu nyinyi mliosoma mnaifanyaje?"

Mtu mmoja akacheka kwa pua. Mwenyekiti akatuangalia sisi wote, mmoja mmoja, akauliza swali ambalo nimelisikia kichwani kila mwaka tangu siku hiyo. "Kuna mzazi hapa ambaye mtoto wake amelalamika kuhusu foleni?"

Mama yule alijua. Alikuwa amekaa kwenye benchi langu. Angeweza kunyoosha kidole tu, na ningelazimika kusema. Hakuniangalia hata kidogo. Aliangalia mikono yake, akaacha swali lipite juu ya kichwa changu, kwa sababu jambo la mtoto tulilizungumza faraghani na hakuwa mtu wa kulitangaza. Mimi nikanyamaza. Wenzangu wote wanane wakanyamaza. Ikaandikwa kwamba hakuna malalamiko, na kwamba mpishi apumzike kuanzia mwisho wa muhula. Nilitia sahihi. Nilipotoka nilimfuata hadi langoni nikaanza kusema pole, akanikata. "Fundi, usinipe mimi pole. Mpe mtoto chakula." Akaenda zake na ile aproni yake imekunjwa kwapani. Nilikuwa nimemshonea mimi.

Kuanzia hapo alikuwa akija sokoni na karai la mbaazi mbichi na mafungu ya majani ya kunde. Binti yangu alianza kupitia kwake akitoka shule, na mwanzoni sikujua. Siku moja nilikwenda kumtafuta, nikawakuta wameketi chini na karai katikati yao, wanamenya mbaazi. Sikujitokeza. Nilisimama nyuma ya kibanda cha mwenye viatu nikawasikiliza, jambo ambalo halipaswi kumtokea mzazi, kwamba ili asikie sauti ya mtoto wake inabidi ajifiche.

"Wale wa mbele wanageuka wanatuhesabu, Susu. Wanasema, leo Ukoko ni wanane."

"Na wewe unawaambia nini?"

"Siwaambii. Naangalia viatu."

"Viatu ya nani?"

"Yangu."

"Ni chafu?"

Mtoto akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka kwa muda. Na huku akicheka anatia mbaazi mbichi mdomoni, punje moja kwenye karai, punje mbili mdomoni, na yule mama anaona na anajifanya haoni. "Wewe, mbona karai yangu haijai?" "Inajaa, Susu!" "Inajaa wapi? Kwa tumbo ya nani?" Baadaye aliniambia kwamba mtoto mwenye wasiwasi ukimkazia macho na sahani mbele yake hatakula, lakini mpe kitu cha kumenya, mwache aongee, atakula bila kujua na atasema bila kujua. Nyumbani tukaanza kufanya hivyo. Mama yake alinunua mbaazi, zikiisha kunde, zikiisha tukamenya njugu. Tulikula pamoja, na neno mtihani tulilipiga marufuku mezani. Haikuwa miujiza. Ilichukua hadi mwezi wa tisa kabla sijaachia mshono wa ile sketi. Alama zake hazikupanda sana mwaka huo, na nilijikaza nisimuulize. Foleni shuleni iliendelea vile vile, ila yeye aliimudu, kwa sababu alikuwa na mahali pa kwenda kuisema jioni.

Na hapo ndipo hasira yangu inapochemka, ninapofikiria ni wangapi hawakuwa na mahali hapo. Tunawaambia watoto shule ni ya kuwasaidia, halafu kila kitu cha shule tunakigeuza mtihani, hadi tumbo. Mpishi tunamwona ni mtu wa moshi na majivu, mtu wa mwisho kushauriwa, na ndiye pekee anayemwona kila mtoto kila siku uso kwa uso, kwa sekunde tano, akiwa na njaa. Mwalimu anaona daftari. Mimi naona kiuno. Mpishi anaona macho ya mtoto yanapofika mbele ya chakula, na kama macho hayo hayana hamu, anajua kuna kitu. Huo ni ujuzi. Hakuna cheti chake, na kwa sababu hauna cheti tuliufukuza kwa mstari mmoja wa kumbukumbu za mkutano.

Alhamisi tulikwenda Zombe. Watu walikuwa wengi, na nusu yao vijana aliowahi kuwapakulia. Mwakilishi wa shule aliitwa, akashika kipaza sauti, akasema marehemu alihudumu kwa uaminifu hadi alipostaafu. Watu wakasema amina. Binti yangu, ambaye sasa yuko gredi ya tisa na amekuwa mrefu kuliko mama yake, alikuwa kiti cha pili kutoka kwangu.

"Baba," akanong'ona. "Si alifukuzwa?"

"Nyamaza."

"Kwa nini ninyamaze?"

"Tuko msibani."

Akaangalia mbele. Kisha akasema, bila ukali wowote, kama mtu anayetaja siku ya wiki, "Hata ile siku ya mkutano ulinyamaza." Sikuwahi kumwambia. Sijui ni nani alimwambia, na nina hakika si marehemu. Labda hakuambiwa na mtu. Labda watoto wanajua tu. Sikusimama. Ningeweza kuomba kipaza sauti, nafasi ilikuwepo, mchungaji aliuliza mara mbili kama kuna mwingine mwenye neno. Nilikaa na kofia yangu magotini mpaka udongo ukarudishwa. Naandika haya ili nisije nikasimuliwa kama mtu aliyesema ukweli kaburini. Sikusema.

Jumanne iliyofuata kamati ilikutana. Kitinda mimba wangu yuko gredi ya tatu katika shule ile ile, na mwakani ataingia kwenye foleni ya alama. Ajenda ilikuwa tangi la maji na ua wa nyuma. Walipofika kwenye mengineyo nikainua mkono. Nilisema mpishi hakustaafu, tulimfukuza, na ninataka iandikwe hivyo. Mwenyekiti akasema, "Fundi, mama amepumzika, tumwache apumzike." Nikasema sawa, basi nina lingine. Nikasema binti yangu alikuwa Ukoko. Nilitumia neno lile lile. Nikasema kwa majuma mengi hakula shuleni, na nyumbani hakula, na nilikuwa nikipunguza sketi yake huku nikijua, na siku ile mwenyekiti alipouliza kama kuna mzazi, mzazi alikuwepo, ameketi dirishani. Sauti yangu haikuwa nzuri. Niliongea kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine.

Mtu akasogeza kikombe. Nikadhani nimejiaibisha, na nilikuwa tayari kuchukua kofia yangu. Ndipo mama mmoja, mwenye duka la dawa za mifugo, mwanamke ambaye sijawahi kumwona akitetereka kwa lolote, akasema, "Wangu pia." Akamwangalia mweka hazina. "Miaka miwili. Alikuwa ananiambia wanakula mapema, kumbe alikuwa anakaa chooni mpaka foleni iishe." Mweka hazina akavua miwani. "Wangu aliacha kula kabisa siku za Jumatatu," akasema. "Tulidhani ni vidonda vya tumbo." Kisha mwingine. Kisha mwingine. Mwenyekiti alikuwa wa mwisho kusema, na alisema akiangalia meza, kwamba mjukuu wake alihamishwa shule kwa sababu hiyo na wao wakatangaza kwamba ni kwa sababu ya umbali. Tuko tisa katika kamati ile. Watano kati yetu tulikuwamo siku tulipomfukuza mama wa watu, wengine wameingia baadaye, na kati ya hao watano, wanne tulikuwa na mtoto au mjukuu nyuma ya foleni ile siku hiyo hiyo. Kila mmoja alidhani ni wake peke yake. Tulimwacha mwanamke mmoja asimame mbele yetu aseme jambo tulilolijua sote, tukamwambia hakuna malalamiko.

Foleni imeondolewa. Iliondolewa kwa dakika zisizofika kumi, na hakuna aliyebisha, hata yule mwalimu aliyeileta, ambaye aliomba nafasi na akasema tu kwamba angependa angeambiwa mapema. Watoto wanapanga tena kama wanavyofika. Wakubwa wanasukuma wadogo, na hilo nalo tutalishughulikia. Sijisikii mshindi wa kitu chochote. Jambo lililowezekana kwa dakika kumi tulilikalia miaka minne, na sababu si umaskini wala serikali wala ukame, ambavyo huwa tunavilaumu kwa kila kitu. Sababu ni kwamba kila mmoja wetu aliona haya kuonekana ana mtoto wa mwisho.

Kwa hiyo ninalowaomba, nyinyi mnaonisoma huku na ng'ambo ya Makueni, ni dogo na ni gumu. Shule zenu zina foleni zenu, hata kama haziitwi foleni. Kama mtoto wako yuko nyuma, na halali usiku, na hataki kula, usimfiche na usimhamishe. Nenda kwenye mkutano, simama, taja darasa lake, sema, "Huyo ni wangu." Sema wakati mtoto angali mdogo na aliyekuonya angali hai. Halafu kaa kimya, uangalie mikono itakayoinuka.